Kigari cha mtoto cha magurudumu matatu: Pima njia na mlango kabla ya kununua

MZAZI anayeishi Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na mwenzake wa Kizingo wanaweza kuingia duka moja siku moja, wakanunua vigari vya watoto vya aina moja, bei sawa na rangi sawa. Baada ya mwezi mmoja, wa Kizingo atakuwa akikitumia chake kila jioni kando ya bahari, ilhali wa Kibokoni amekiegemeza ukutani kwa sababu hakipiti mlangoni.

Tofauti hiyo haitokani na ubora wa kigari. Hutokana na njia. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, lakini njia zake si za namna moja. Kuna barabara pana za Kizingo na Ganjoni, kuna vichochoro vya Kuze na Mlango wa Papa, na kuna ngazi, mitaro, tuktuk na kivuko cha Likoni.

Vigari vya magurudumu matatu huwavutia wazazi kwa umbo lake na kwa wepesi wa kusukumwa. Vina manufaa ya kweli. Hata hivyo, vina pia hatari ambazo mnunuzi hazioni dukani, penye sakafu laini na ambapo ndani ya kigari hamna mtoto.

Ni vyema kwanza kufahamu vigari hivi vilikusudiwa kufanya kazi gani. Mnamo 1965, Mwingereza Owen Maclaren, aliyekuwa mhandisi wa ndege, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli. Nia ilikuwa mzazi aweze kukibeba kwa mkono mmoja anapopanda gari au ngazi.

Kigari cha magurudumu matatu makubwa kilikuwa na nia nyingine kabisa. Kilienea baada ya 1984, wakati Phil Baechler, Mmarekani wa jimbo la Washington aliyependa kukimbia, alipotumia magurudumu ya baiskeli kuunda kigari cha kukimbia na mwanawe. Kwa hivyo, cha kwanza kiliundwa kibebeke, na cha pili kiliundwa kiende kwa kasi kwenye njia ndefu na yenye mashimo. Mzazi anayechagua baina ya viwili hivyo anachagua, kwa hakika, baina ya njia mbili.

Magurudumu makubwa hupita juu ya mawe na nyufa bila kumtikisa mtoto sana. Gurudumu moja la mbele hugeuka kwa urahisi, na mzazi akifika kwenye ukingo wa barabara, huukandamiza mpini na kukiinua kigari mbele bila taabu. Katika bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mnamo 2019, kigari cha aina hii hakina mshindani.

Udhaifu wake uko katika umbo lilo hilo. Kitu chenye magurudumu manne husimama juu ya mstatili. Chenye magurudumu matatu husimama juu ya pembetatu. Pembe mbili za mbele hazipo, na uzito ukiegemea upande huo wakati wa kukata kona, hapana gurudumu la kuupokea. Mkazi wa Mombasa hahitaji kufunzwa somo hili, kwani amewahi kuona tuktuk ikikata kona kwa kasi hadi gurudumu moja la nyuma likainuka.

Kwa sababu hiyo, kigari kizuri cha magurudumu matatu huwa na magurudumu ya nyuma yaliyoachana vya kutosha, na kiti kilicho chini, karibu na magurudumu hayo. Tatizo ni kwamba kadiri magurudumu ya nyuma yanavyoachana, ndivyo kigari kinavyokuwa kipana. Usalama wa barabarani huwa ndio uzito wa mlangoni.

Vigari vingi vya aina hii huwa na upana wa takriban sentimita 60 hadi 65, na uzito wa kilo 9 hadi 14. Vile vya mwavuli huwa na sentimita 45 hadi 50 na uzito wa kilo 5 hadi 7. Tofauti ya sentimita 15 huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika Mji wa Kale ndiyo inayoamua kigari kitumike ama kilale.

Milango ya jadi ya Waswahili huwa na mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, na aghalabu hufunguliwa ubao mmoja tu. Chini yake huwa na kizingiti kilichoinuka. Nje, baraza za nyumba huchukua sehemu ya kichochoro, na katika sehemu inayobaki hupita waenda kwa miguu, pikipiki na mikokoteni. Mzazi wa mtaa huo hana budi kupima kwa futi ya fundi nafasi ya ubao mmoja ukiwa wazi, kisha aende dukani na kipimo hicho mfukoni.

Anayeishi ghorofani anafaa kujiuliza swali la pili: ni nani atakayekipandisha? Kilo 12 za kigari na kilo 8 za mtoto ni mzigo wa kilo 20 kwenye ngazi nyembamba, tena mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto. Kukiacha chini usiku si jawabu iwapo hakuna ukumbi unaofungwa.

Usafiri nao una sharti lake. Tuktuk, ambayo ndiyo teksi ya wengi kisiwani, haina nafasi kubwa ya mizigo. Kigari ambacho hata kikikunjwa kinabaki na magurudumu makubwa hakitaingia nyuma ya kiti, na mzazi atalazimika kukishika magotini pamoja na mtoto. Ikiwa magurudumu yanachomolewa kwa kubonyeza kitufe, tatizo hupungua, lakini hapo huzuka jambo jingine.

Gurudumu linalochomoka kwa urahisi linaweza kuchomoka wakati usiofaa. Mnamo Februari 2018, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, CPSC, iliishtaki kampuni ya Britax kuhusu vigari vya BOB vya magurudumu matatu. Ilitaja malalamiko takriban 200 tangu 2012 kwamba gurudumu la mbele lilichomoka kigari kikiwa mwendoni. Kampuni ilishikilia kuwa vigari havikuwa na kasoro iwapo gurudumu lilifungwa sawasawa. Novemba mwaka huo pande hizo zilikubaliana kwamba kampuni iwaelimishe wazazi na kuwapa vipuri vya kulikaza gurudumu.

Fundisho kwa mnunuzi wa Mombasa ni jepesi. Kigari chenye magurudumu manne kikipoteza moja la mbele huinama; chenye matatu huanguka kifudifudi. Kila gurudumu linaporudishwa baada ya kushuka tuktuk, sharti livutwe kwa nguvu kuhakikisha limeshika, kabla ya mtoto kuwekwa kitini.

Aidha, gurudumu la mbele liwe na kitasa cha kulizuia lisizunguke. Katika vichochoro na sokoni Marikiti liachwe huru ili kigari kigeuke upesi. Kwenye mwendo wa kasi, au njia ya mawe na mchanga, lifungwe lielekee mbele, la sivyo linaweza kuanza kuyumba na kukigeuza kigari ghafla.

Tairi za upepo hupunguza mtikiso kuliko za sponji au plastiki, ila hutoboka. Hilo lisimtishe mzazi. Nyingi huzibwa na fundi yeyote wa baiskeli kama tairi nyingine, mradi saizi yake ipatikane. Adui mkubwa zaidi ni hewa ya chumvi. Fremu ya alumini huihimili vyema, lakini skrubu, springi na vyuma vya breki hushika kutu. Kigari kinachopelekwa pwani kipanguswe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kikaushwe, kisha viungo vyake vitiwe mafuta.

Breki ndiyo sehemu ambayo haina mbadala. Mnamo Oktoba 2009, katika kituo cha treni cha Ashburton mjini Melbourne, Australia, mama mmoja aliachilia mpini kwa sekunde chache tu. Kigari kilibingirika na kuanguka relini mbele ya treni iliyokuwa ikiingia. Mtoto wa miezi sita, aliyekuwa amefungwa mikanda, aliponea chupuchupu.

Mombasa nayo ina miteremko inayoishia majini. Ulioko kwenye kivuko cha Likoni hupitwa na mamia ya maelfu ya watu kila siku. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lililokuwa ndani ya feri lilirudi nyuma na kutumbukia baharini, na mama na bintiye wakafariki. Kama gari zito linaweza kuserereka, kigari kisicho na breki hakina cha kukizuia.

Kwa hivyo, kigari kinachofaa ni kile ambacho breki yake hufunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyagwa mara moja, na chenye kamba ya kuvalia mkononi. Mahali penye msongamano kama ndani ya feri, busara ni kukikunja na kumbeba mtoto.

Mikanda iwe ya ncha tano: miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu. Mkanda wa kiuno pekee humwacha mtoto ateleze au ajitupe mbele. Nayo mifuko ya sokoni isitundikwe mpinini, kwani huvuta kigari nyuma mara tu mtoto anapoinuliwa. Mahali pake ni kwenye kikapu kilicho chini ya kiti.

Umri wa mtoto pia huamua. Kabla hajaweza kuketi mwenyewe, jambo ambalo huanza yapata miezi sita, kichwa chake kinaweza kuinamia kifua na kuibana njia ya hewa. Mtoto wa umri huo ahitaji kiti kinacholala chali, na vigari vingi vya kukimbia havina. Kukimbia na mtoto nako kusianze kabla ya miezi sita, na baadhi ya watengenezaji hutaka miezi minane au zaidi.

Halafu kuna joto. Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana Mombasa hupita nyuzi 32 za Selsiasi. Mzazi mwenye huruma hutandaza leso juu ya kigari kizima ili mtoto asipigwe na jua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa kukifunika kigari chote kwa kitambaa kikavu kunaweza kuongeza joto la ndani kwa karibu nyuzi 4 kuliko la nje.

Watafiti hao waligundua pia kwamba kitambaa chepesi kilicholoweshwa, pamoja na feni ndogo, kilipunguza joto kwa karibu nyuzi 5. Hata hivyo, maji hukauka polepole katika hewa yenye unyevu kama ya Pwani, na nafuu hiyo inaweza kuwa ndogo zaidi. Lililo bora ni kuchagua kigari chenye paa refu na madirisha ya wavu, kisha kutoka asubuhi mapema au baada ya alasiri.

Wengi hununua vigari vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Si kosa, kwani fremu nzuri hudumu. Lakini asome kibandiko kwenye fremu, atafute jina na nambari ya toleo katika tovuti ya CPSC, aone kama lilirudishwa kiwandani. Mnamo Novemba 2009, vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja viliitwa nchini Marekani kwa sababu ya bawaba zilizokata ncha za vidole vya watoto 12. Kigari kilichoitwa kwingineko kinaweza kufika soko la mitumba bila onyo lolote. Kibandiko chenye EN 1888, kiwango cha Ulaya, au ASTM F833, cha Marekani, ni ishara njema.

Mwisho, kuna jaribio ambalo halihitaji mtaalamu. Mnunuzi aende na paketi tano za unga za kilo mbili, azipange kitini na kuzifunga mikanda. Akisukume kigari nje ya duka, akate kona upesi kushoto na kulia, akipandishe ukingo wa barabara, kisha akifunge breki kwenye mteremko na kukisukuma kwa kidole. Halafu akikunje kwa mkono mmoja, kwani wa pili siku zote utakuwa na mtoto.

Kikishindwa jaribio moja, unga utarudi nyumbani salama. Na iwapo kila kigari cha magurudumu matatu kinazidi kipimo cha mlango, mzazi wa Mji wa Kale asione haya kuchukua kile chembamba cha mwavuli, na kubaki na mbeleko kwa zile ngazi na vichochoro ambavyo hapana gurudumu litakalovimudu.