Kwa nini chungu hupasuka motoni, na namna ya kukiokoa

Mfinyanzi anaweza kufanya kazi wiki mbili, kisha akapoteza nusu ya vyungu vyake kwa saa moja ya moto. Hiyo ni pesa ya sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, ambao vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi Ziwa Nyasa hadi soko la Matema, huchoma kwa kuni na majani bila tanuri. Wafinyanzi wengi wa vijijini hufanya vivyo hivyo. Hapa tunaeleza chungu hupasuka kwa sababu gani, na la kufanya.

Udongo
Viringisha udongo mbichi uwe mnene kama kidole, kisha uukunje. Ukikatika, hauna mnato wa kutosha. Ukinata sana mikononi, utasinyaa mno wakati wa kukauka. Pima: tengeneza kipande cha sentimita 10, kianike kivulini. Kikibaki sentimita 9, kimesinyaa kwa asilimia 10, na hicho ni kiasi kikubwa. Ongeza mchanga au vigae vya chungu kilichovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa. Chembe hizo hupunguza kusinyaa, hupitisha mvuke, na humsaidia mpishi baadaye, kwa kuwa chungu huvumilia moto wa jikoni.

Ondoa pia vijiwe vyeupe vya chokaa. Vikishachomwa hufyonza unyevu, huvimba na kubandua ukuta wa chungu siku kadhaa baada ya kuchomwa.

Kukausha
Anika kivulini, mbali na upepo mkali. Mdomo ukikauka kabla ya kitako, ufa huanzia hapo. Wakati wa mvua ongeza siku. Weka chungu shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Kuchoma
Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Yakigeuka mvuke ndani ya ukuta yakakosa njia, chungu hulipuka. Kwa hiyo pasha vyungu kwanza pembeni mwa moto mdogo, ukivigeuza, mpaka vishikike kwa shida.

Ndipo uvipange juu ya kuni, uvifunike kwa kuni nyembamba, majani makavu au samadi kavu. Chagua siku isiyo na upepo, maana upepo hupoza upande mmoja huku mwingine ukiungua. Kati ya nyuzi 500 na 600 udongo hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na baada ya hapo haurudi tena kuwa tope. Chungu kisichofika hapo kitalainika kikitiwa maji.

Usivitoe vyungu haraka wala kuvimwagia maji. Viache vipoe ndani ya majivu.

Kabla ya kuuza
Gonga kwa kidole. Sauti nyororo kama ya kengele ni dalili ya chungu kizima. Sauti butu huashiria ufa uliojificha.

Chungu cha kupikia kipikie kwanza uji mwepesi, wanga wake uzibe vitundu. Mtungi wa maji usiuzibe: maji yanayopenya na kukauka nje ndiyo yanayoyapoza ya ndani. Na tunasisitiza: usipake rangi ya mafuta ndani ya chombo cha chakula.