Embe Lililoanguka Lina Mwenyewe

Maembe yanapoiva kuanzia Ujiji hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, mengi huanguka na kuozea chini ya mti. Hayana soko, kwa hiyo hayana mwenyewe. Mkulima anakuja kushtuka akipasua embe zuri na kukuta funza, ndipo anapotafuta bomba la dawa. Kwa maoni yangu, wakati huo ameshachelewa: nzi wa matunda hushindwa au hushinda kwenye yale maembe mabovu, na dawa haiwezi kurekebisha kilichoachwa pale chini.

Nzi mwenyewe ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga ndani yake. Baada ya siku chache funza huanza kula nyama ya tunda. Wakishiba hutoka, hujichimbia sentimita chache udongoni, hujifunga gamba, kisha huibuka nzi wapya. Kwenye joto mzunguko huo huchukua wiki tatu au nne hivi. Maisha yake mengi basi yamo ndani ya tunda na ndani ya udongo, na dawa inayopulizwa kwenye majani humfikia nzi mkubwa tu, siku akiwepo. Wakulima wa nyanya wameyaona hayohayo kwa kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeripotiwa nchini mwaka 2014: funza wake hula akiwa amejificha ndani ya jani, na kadiri watu wanavyozidisha dozi ndivyo anavyozidi kuizoea dawa. Kagunga ina hatari ya ziada, kwa sababu mteremko ni mkali na mvua hupeleka mabaki ya dawa ziwani, kwenye maji ya kunywa na ya dagaa.

Dawa ya chini ya mti ni kazi ya mikono. Matunda yaliyoanguka yaokotwe mara mbili kwa wiki au zaidi, yafukiwe shimoni na kufunikwa kwa udongo wa nusu mita, au yafungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe. Kuyatupa jalalani ni kuwahamisha nzi tu. Na wale sisimizi wa maji moto tunaowachukia kwa kung'ata wachumaji wasichomwe moto ovyo. Huko Zanzibar, utafiti wa miaka ya 1950 ulionyesha kuwa minazi yenye maji moto wengi hupata madhara madogo ya kunguni wa minazi; kwenye miembe nao huwasumbua nzi wanaotaka kutaga.

Atakayebisha atasema jirani haokoti, na ng'ambo ya mpaka hawaokoti. Ni kweli, nzi huruka, na shamba moja safi katikati ya machafu halipati nafuu kubwa. Lakini hilo ni sababu ya kuokota pamoja. Vijiji vina sheria ndogo za mbuzi wanaozurura. Sioni kwa nini embe lenye funza, linalomdhuru jirani kuliko mbuzi, lisiwekewe utaratibu kama huo. Kuhusu mpaka, nzi husafiri mbali zaidi akiwa ndani ya tunda, kwenye kapu na boti, kuliko kwa mbawa zake. Kuchambua maembe kabla ya kuyapakia kwenda Kigoma mjini kunawahusu watu wa huku wenyewe.

Pingamizi la kazi ni zito zaidi. Embe likiwa na bei ndogo, nani ainame siku nzima? Hapa mpangilio wa msimu unasaidia. Nzi hamalizi mwaka kwa maembe peke yake. Miembe ikinyamaza anaishi kwenye mapera, machungwa na matopetope. Wakati huo nzi ni wachache, na ndipo kuokota kunakuwa rahisi. Mpera mmoja nyuma ya nyumba, ambao hakuna anayeuhesabu kuwa shamba, ndio wa kuanza nao.