Mcheza kwao hutunzwa, lakini Yanga imekuwa ikitunzwa ugenini

Kesho Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, Mwenyezi Mungu akipenda, timu ya Young Africans ya Dar es Salaam itaingia katika Uwanja wa 5 Julai 1962 mjini Algiers kucheza mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwenyeji wake ni USM Alger, timu ambayo Jumapili iliyopita ilikuja katika Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuondoka na ushindi wa mabao 2 kwa 1. Tangu jioni ile, sisi mashabiki wa Yanga tumekuwa tukiambiwa kazini, sokoni na barazani kwamba safari imekwisha, na kwamba kinachokwenda kufanyika Algiers ni kukabidhi kombe tu.

Wanaosema hivyo wanayo hoja. Wahenga walituachia neno kwamba mcheza kwao hutunzwa, nasi tulicheza kwetu, mbele ya watu wetu, tukakosa tuzo. Aliyeshindwa kwake atashindaje kwa mwenyeji wake? Swali hilo ni la haki na hatulikimbii. Lakini tunapoitazama njia ambayo timu hii imeipita msimu huu, tunaona kwamba tumaini letu halikujengwa juu ya mapenzi peke yake. Lina ushahidi, na ushahidi wenyewe uko ugenini.

HESABU ILIVYO

Kwanza tuifahamu hesabu, kwa kuwa wengi wanaizungumza bila kuipiga. Katika mashindano haya, timu mbili zikilingana kwa jumla ya mabao, hutazamwa ni ipi iliyofunga mabao mengi ugenini. USM Alger imekwisha kufunga 2 Dar es Salaam. Kwa hiyo, Yanga ikishinda bao 1 kwa 0, jumla itakuwa 2 kwa 2, na kombe litabaki Algiers. Ushindi wa namna hiyo utatupa heshima lakini hautatupa kikombe.

Yanga ikishinda 2 kwa 0, ni bingwa. Ikishinda 2 kwa 1, timu zitakuwa sawa kwa kila kitu, na mshindi atakuwa bado hajapatikana. Ikishinda 3 kwa 2, jumla itakuwa 4 kwa 4, na hapo kanuni ileile inayotuumiza leo itageuka kuwa upande wetu, maana sisi tutakuwa na mabao 3 ya ugenini na wao 2. Kwa ufupi, kila njia ya kuelekea kwenye kombe inaanzia kwenye mabao 2 ya Yanga. Bao 1 halitoshi, hata lango letu likifungwa kwa kufuli.

Je, mabao 2 ugenini ni ndoto? Hapa ndipo tunapoomba tusikilizwe.

NJIA TULIYOPITA

Yanga haikuanza msimu katika kombe hili. Ilianza katika Ligi ya Mabingwa, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Al Hilal jijini Dar es Salaam, kisha ikafungwa 1 kwa 0 Omdurman, ikaangukia Kombe la Shirikisho. Huko ilikutana na Club Africain ya Tunisia. Mchezo wa Dar es Salaam ulikwisha bila bao, na wengi wakaifunga hesabu siku hiyohiyo. Siku chache baadaye, mwezi Novemba 2022, Stephane Aziz Ki alifunga bao pekee mjini Tunis, na aliyedhaniwa kuwa marehemu akarudi na tiketi ya makundi.

Katika makundi, mchezo wa kwanza ulikuwa wa ugenini dhidi ya US Monastir, nao tukafungwa 2 kwa 0. Bamako tulipata sare ya 1 kwa 1 na Real Bamako. Lakini timu ilikwenda Lubumbashi, nyumbani kwa TP Mazembe, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5, ikashinda 1 kwa 0 kwa bao la Farid Mussa, na ikamaliza ikiongoza kundi.

Robo fainali ilitupeleka Uyo, Nigeria, kucheza na Rivers United. Mchezo wa kwanza ulikuwa kwao, na Fiston Mayele alifunga mabao yote mawili ya ushindi wa 2 kwa 0. Nusu fainali, baada ya kushinda 2 kwa 0 nyumbani dhidi ya Marumo Gallants ya Afrika Kusini, tulikuwa na haki ya kwenda Rustenburg kujilinda tu. Timu haikujilinda tu. Mayele alifunga, Kennedy Musonda akafunga, tukashinda 2 kwa 1.

Tunis, Lubumbashi, Uyo na Rustenburg: miji minne, ushindi mara nne, katika msimu mmoja. Na katika miwili ya mwisho, yaani katika hatua za mtoano, Yanga ilifunga mabao 2 katika kila mji. Idadi tunayoihitaji Algiers ndiyo ambayo timu imetoka kuifunga mara mbili mfululizo ikiwa ugenini. Kocha Nasreddine Nabi ni Mtunisia. Kandanda ya Afrika Kaskazini, pamoja na kelele zake, haitakuwa jambo jipya kwake.

WENYEJI NI HODARI

Tungekuwa tunajidanganya kama tungewadharau wenyeji. USM Alger iliasisiwa mwaka 1937, miaka miwili tu baada ya Yanga iliyozaliwa 1935. Jumapili ilituonesha jinsi inavyojua kusubiri. Aymen Mahious alifunga dakika ya 32, kisha wakakaa nyuma kwa utulivu tukihangaika kutafuta upenyo. Mayele aliposawazisha dakika ya 82, uwanja mzima ulisimama. Dakika ya 84, Islam Merili akafunga la pili.

Dakika mbili hizo ndizo zilizotugharimu, na kama kuna somo moja ambalo vijana wetu wanapaswa kusafiri nalo, basi ni hilo. Bao likipatikana Algiers, furaha iwe fupi na kila mtu arudi mahali pake. Tumaini letu kubwa ni kuona timu isiyo na papara, inayofahamu kwamba dakika 90 zinatosha kwa mabao 2, na kwamba bao la kwanza likija dakika ya 10 au ya 70 thamani yake ni ileile.

Wenyeji nao wanalo deni la zamani. Mwaka 2015 USM Alger ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa na kukutana na TP Mazembe. Mchezo wa kwanza ulichezwa Algiers, na Mazembe ikashinda 2 kwa 1, matokeo yaleyale tuliyoyapata sisi Jumapili. Mmoja wa wafungaji siku ile alikuwa Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala. Kwa hiyo Mtanzania amekwisha kufunga bao katika fainali ya Afrika, mjini Algiers, dhidi ya timu hiihii, na akarudi na ubingwa. Jambo lililowahi kutendeka haliwezi kuitwa muujiza.

MIFANO YA KALE

Yanga ni klabu ya pili ya Tanzania kufika fainali ya mashindano ya klabu za Afrika. Ya kwanza ilikuwa Simba, katika Kombe la CAF la mwaka 1993. Watani wetu walitoka sare bila bao Abidjan dhidi ya Stella, wakarudi nyumbani nchi nzima ikiwa imeandaa sherehe, wakafungwa 2 kwa 0 Dar es Salaam. Machozi ya siku ile yalikuwa ya Watanzania wote. Yalitufundisha kwamba uwanja wa nyumbani haumhakikishii mtu kombe, nasi tunaomba somo hilo liwafikie Waalgeria kesho.

Na maadamu tumewataja watani, hatuoni haya kuazima kwao mfano mwingine. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4 kwa 0 jijini Dar es Salaam na Mufulira Wanderers ya Zambia. Ikasafiri ikiwa imekwisha kuzikwa na kila mtu, ikashinda 5 kwa 0 ugenini na kusonga mbele. Sisi tunadaiwa bao 1 tu. Wao walidaiwa 4.

Majirani zetu Gor Mahia wa Kenya nao wana la kutuambia. Mwaka 1987 walitoka sare ya 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, wakatoka sare ya 1 kwa 1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hiyo ndiyo klabu pekee ya Kenya, Uganda na Tanzania kubeba kombe la Afrika. Kombe la Washindi na Kombe la CAF ndiyo yaliyounganishwa mwaka 2004 kuwa hili Kombe la Shirikisho tunaloligombea kesho.

TUMAINI LA NYUMBANI

Mchezo utaonekana kwetu usiku, kwani saa za Algiers ziko nyuma ya zetu kwa saa 2. Watoto wataomba kukesha. Vichochoroni tunawaona kila jioni wakifunga mabao ya mpira wa matambara na kutetema kama Mayele, na hakuna atakayekubali kusimuliwa asubuhi. Wazazi wawaruhusu au wawalaze, hilo ni lao. Ila watoto hao watajifunza kwetu namna ya kupokea matokeo, kwa sababu wanatutazama sisi zaidi ya wanavyoutazama mpira.

Nyumba nyingi zina mashabiki wa pande zote mbili. Baba ni Yanga, mama ni Simba, au ndugu wawili wa tumbo moja hawakai kochi moja timu zinapocheza. Utani huo ni mtamu nao ni urithi wetu. Mtani akituombea mabaya tutamjibu kwamba dua ya kuku haimpati mwewe, na kesho asubuhi tutakunywa naye chai. Usivuke hapo ukawa matusi, wala fedha ya unga wa nyumba isiwekwe rehani kwa matokeo ya mchezo. Bao la Mayele halitamlipia mtu ada ya shule ya mwanawe.

Liko pia jambo zito ambalo furaha ya fainali haipaswi kulifunika. Jumapili, katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Aliondoka nyumbani kwake akiwa na tumaini lilelile tulilokuwa nalo sisi sote. Mungu amrehemu, awape subira waliobaki, na awaponye majeruhi. Wanaokwenda kutazama katika vibanda na kumbi kesho, tunawasihi wasisukumane mlangoni, na penye watu wengi wasiingize watoto.

Tukirejea uwanjani, matumaini yetu ni haya. Djigui Diarra na mabeki wake walinde lango kama lilivyolindwa Tunis, Lubumbashi na Uyo, timu ilikorudi bila kufungwa hata bao moja. Viungo wasiogope kuushika mpira mbele ya kelele za wenyeji. Mayele apate nafasi mbili, kwa kuwa Uyo hakuhitaji zaidi. Yanga imekwisha kutwaa ubingwa wa ligi ya nyumbani msimu huu, kwa hiyo inakwenda Algiers ikiwa bingwa wa nchi, na deni lake ni bao moja.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na ikiwa matokeo yatatukataa, tutawapa mkono wenyeji na kuwapokea vijana wetu kwa heshima. Lakini hilo ni la baada ya mchezo. Kabla yake tunayo haki ya kutumaini mabao 2. Tunawaombea wachezaji safari njema, afya na utulivu wa moyo, na tunaomba wote waliokwenda Algiers warudi salama majumbani mwao, wakiwa na kombe, inshaallah.