Tango: Ngoma iliyojificha ndani ya fidla

Kwa Lingala, tango ni wakati. Kwa Kiswahili, ni lile tunda la kijani linalokatwa kwenye kachumbari. Huko Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, tango ni muziki na dansi ya watu wawili walioshikana, iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika mitaa ya maskini karibu na bandari.

Watu wengi wanaijua tango kwa dansi. Lakini kuna tango nyingine, ile ya kumbi ambamo watu hukaa kimya na kusikiliza. Wapiga fidla, selo na piano waliolelewa kwa muziki wa Bach na Beethoven wameirekodi, na santuri zao zimesambaa duniani kote. Mtu wa Congo akizisikiliza, swali moja humjia upesi: ngoma iko wapi?

Watu waliokuwa wengi

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1778 ilionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya wakaaji wa Buenos Aires walikuwa Weusi au machotara. Wengi walikuwa wametolewa kwa nguvu Angola na katika inchi za Wakongo, wengine Msumbiji. Katika mji huo wa ugeni waliunda vyama vya kusaidiana vilivyoitwa mataifa, vikabeba majina ya nyumbani: Congo, Angola, Benguela. Siku za sikukuu walipiga ngoma na kucheza candombe.

Maneno yao yalibaki. Wataalamu wengi wanalihusisha neno candombe na ndombe, yaani rangi nyeusi kwa Kikongo, neno lile lile tunalolisikia katika jina la jimbo letu la Mai-Ndombe. Milonga, jina la muziki ulio ndugu wa tango na pia la mahali inapochezwa, linarudishwa kwenye Kimbundu cha Angola, ambamo milonga ni maneno. Kuhusu neno tango lenyewe, wataalamu hawajakubaliana. Profesa Robert Farris Thompson wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, alitoa kitabu kizima mwaka wa 2005 kutetea mizizi ya Kikongo katika dansi hiyo.

Ilipofika hesabu ya mwaka wa 1887, Weusi walioandikwa Buenos Aires walikuwa chini ya asilimia 2. Wanahistoria wanataja vita, magonjwa ya kuambukiza, na wimbi kubwa la wahamiaji kutoka Italia na Hispania. Wanataja pia kalamu ya waandikishaji, waliowahesabu machotara wengi kuwa Wazungu.

Hata hivyo mmoja wa waanzilishi wa tango alikuwa mtu wa asili ya Afrika. Rosendo Mendizábal, mpiga piano, alitunga wimbo uitwao El entrerriano mwaka wa 1897, na hadi leo unahesabiwa miongoni mwa tango za kwanza kabisa zilizochapwa. Alikufa mwaka wa 1913, akiwa maskini. Kilichomfikia msikilizaji wa leo ni nota zake, zikipigwa na mikono ya wengine.

Santuri ziliposhika kasi, okestra ya tango ilikuwa imekwisha kupata sura yake: bandoneoni, fidla, piano na besi. Ngoma ya candombe ilibaki nje ya mlango wa studio.

Mtoto na sanduku la upepo

Bandoneoni ni ndugu wa akordeoni, ile ambayo Camille Feruzi aliipatia heshima huku Congo. Ilitengenezwa Ujerumani katika karne ya 19, ikavuka bahari pamoja na wahamiaji. Ni ngumu kujifunza: kitufe kile kile hutoa sauti moja ukiivuta na nyingine ukiibana.

Mtu aliyeibeba hadi kwenye kumbi za muziki wa klasiki ni Astor Piazzolla. Alizaliwa Mar del Plata, Argentina, tarehe 11 mwezi wa tatu 1921, na alikulia New York. Baba yake alimnunulia bandoneoni kwenye duka la vitu vya rehani. Mwaka wa 1934 alikutana na Carlos Gardel, mwimbaji mkuu wa tango, ambaye alitaka kumchukua katika safari zake. Baba alikataa, mtoto alikuwa bado mdogo. Mwaka uliofuata, Gardel alikufa katika ajali ya ndege Medellín, Colombia.

Aliporudi Argentina, Piazzolla alipiga katika okestra ya Aníbal Troilo na akasoma utunzi kwa Alberto Ginastera. Alitaka kuwa mtunzi wa klasiki. Mwaka wa 1953 kazi yake kubwa iliposikika Buenos Aires, ngumi ziliruka ukumbini: baadhi ya watu walikasirika kuona bandoneoni zimeketishwa katikati ya okestra ya heshima.

Mwaka wa 1954 alikwenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger. Alimwonyesha mwalimu huyo karatasi zake za klasiki na kumficha kwamba alikuwa mtu wa tango. Boulanger aliziona kazi hizo zimeandikwa vizuri, lakini hakumwona mwenyewe ndani yake. Alipomlazimisha apige tango yake kwenye piano, alimwambia kwamba huyo ndiye Piazzolla wa kweli na kwamba asimwache kamwe.

Nyuzi zinazogonga

Piazzolla alirudi nyumbani mwaka wa 1955 na kuunda kikundi cha watu wanane. Mwaka wa 1960 alipata umbo alilolipenda zaidi: watu watano, yaani bandoneoni, fidla, piano, gitaa la umeme na besi. Wapenzi wa tango ya zamani walimpinga vikali. Kwao, muziki usiochezeka haukuwa tango.

Ila katika kikundi hicho kidogo, ile ngoma iliyoachwa nje ilipata njia ya kurudi. Mpiga fidla wa tango hupitisha upinde nyuma ya daraja la fidla, ikatoka sauti ya kukwaruza kama msasa juu ya ubao. Mpiga besi hupiga nyuzi na mbao kwa kiganja. Mpiga bandoneoni hugonga sanduku lake. Chini ya yote kuna mpigo ambao Piazzolla aliupenda kuliko mingine: hesabu nane zilizogawanywa tatu, tatu, mbili. Jaribu kuupiga mezani kwa vidole. Ni mpigo ule ule ulio katika nusu moja ya klave ya rumba ya Congo, na mkaaji wa Kinshasa au Lubumbashi hahitaji mwalimu wa kumfundisha.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kila mgongo wa fidla unatoka candombe. Lakini sikio linatambua ndugu zake.

Santuri zilizofungua mlango

Wanamuziki wa klasiki walichelewa. Mwaka wa 1982 Piazzolla alitunga Le Grand Tango kwa selo na piano, akaitoa kwa heshima ya Mrusi Mstislav Rostropovich. Miaka minane ilipita kabla Rostropovich hajaipiga mbele ya watu.

Wengine walikuja upesi zaidi. Kronos Quartet, kikundi cha nyuzi nne cha Marekani, kilikutana naye studioni mwaka wa 1989 kurekodi Five Tango Sensations. Piazzolla alikuwa amefanyiwa operesheni kubwa ya moyo mwaka uliotangulia. Bandoneoni yake humo inapumua polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Ni moja ya rekodi zake za mwisho za studio: mwaka wa 1990 alipata kiharusi Paris, na alikufa Buenos Aires tarehe 4 mwezi wa saba 1992.

Baada ya kifo chake mlango ulifunguka wazi. Mwaka wa 1996 mpiga fidla Gidon Kremer, mzaliwa wa Latvia, alitoa Hommage à Piazzolla. Mwaka wa 2000 alitoa Eight Seasons, ambamo majira manne ya Vivaldi yanapishana na majira manne ya Buenos Aires. Leonid Desyatnikov, aliyeziandaa upya nota za Piazzolla, aliweka mchezo ndani yake: katika kiangazi cha Buenos Aires anachomeka vipande vya baridi ya Vivaldi. Wakaaji wa Lubumbashi wataelewa haraka, kwani nao hutetemeka mwezi wa saba wakati Ulaya inatoka jasho.

Mwaka wa 1997 mpiga selo Yo-Yo Ma alitoa Soul of the Tango, iliyopata tuzo ya Grammy. Aliwaita watu waliomjua marehemu, kama Antonio Agri wa fidla na Horacio Malvicino wa gitaa. Katika wimbo mmoja, Tango Remembrances, Ma anapiga pamoja na Piazzolla mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka kadhaa. Mafundi walichukua vipande vya bandoneoni vilivyobaki studioni bila kutumiwa, wakavitandika chini ya selo.

Jina ambalo halikupotea

Kuna santuri nyingine isiyozungumziwa sana. Mwaka wa 1996 Daniel Barenboim, mpiga piano na kiongozi wa okestra aliyezaliwa Buenos Aires, alitoa Mi Buenos Aires querido akiwa na bandoneoni ya Rodolfo Mederos na besi ya Héctor Console. Ndani yake, pamoja na Gardel na Piazzolla, kuna kazi za Horacio Salgán.

Salgán alikuwa mpiga piano wa asili ya Afrika. Alizaliwa mwaka wa 1916 na kufariki mwaka wa 2016, akiwa na umri wa miaka 100. Mkono wake wa kushoto ulijulikana kwa namna ulivyorusha mpigo. Tofauti na Mendizábal, yeye alirekodi sana, peke yake, na okestra yake, pamoja na mpiga gitaa Ubaldo De Lío, na katika kikundi cha Quinteto Real. Anayetaka kujua piano yake ilivyolia hana haja ya kukisia.

Tofauti kati ya wanaume hao wawili ni mashine ya kurekodi, na jambo hilo linatugusa. UNESCO iliandika tango katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka wa 2009, na rumba ya Congo mwezi wa kumi na mbili 2021. Rumba tunaweza kuifuata nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa sababu nyumba kama Ngoma, Opika na Loningisa za Léopoldville ziliweka sauti kwenye santuri. Orodha ya UNESCO huhifadhi jina la muziki. Sauti huhifadhiwa na yule aliyewasha mashine siku mzee alipokuwa bado anapiga.

Kwa anayetaka kuanza, Five Tango Sensations inatosha kwa jioni moja. Kisha atafute piano ya Salgán, na asikilize mkono wa kushoto.