Uchaguzi wa Pikapu kwa Gitaa la Umeme la Nyuzi Saba na Nane katika Mazingira ya Umeme ya Sumbawanga, Rukwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuchagua pikapu kwa gitaa la umeme lenye nyuzi saba au nane, kwa kuzingatia hali ya umeme mjini Sumbawanga na katika uwanda wa juu wa Ufipa. Hoja kuu ni kwamba nyuzi nene za gitaa la aina hiyo hutoa sauti ambazo masafa yake yanakaribiana na masafa ya umeme wa nyumbani, yaani Hz 50. Kwa sababu hiyo, mvumo wa umeme ambao kwenye gitaa la nyuzi sita unaweza kupunguzwa kwa kichujio, kwenye gitaa la nyuzi nane huingiliana na muziki wenyewe. Makala yanaonesha kuwa uchaguzi unapaswa kuanza na jukumu la gitaa katika kundi, ufuatiwe na chanzo cha umeme, na ndipo zifikiriwe sifa za pikapu.

1.0 Utangulizi

Neno pikapu kwa Watanzania wengi humaanisha gari dogo la mizigo. Katika makala haya linamaanisha kifaa kilichofungwa chini ya nyuzi za gitaa, chenye sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba, ambacho hugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Kifaa hiki kilianza kutumika katika magitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930 nchini Marekani, na George Beauchamp alipewa hataza ya gitaa la aina hiyo mwaka 1937.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na uzi wake mnene zaidi hutoa sauti ya E yenye masafa ya Hz 82.4. Gitaa la masafa mapana huongeza uzi mmoja au zaidi. Mpiga gitaa wa jazi George Van Eps alitumia nyuzi saba tangu miaka ya 1930. Kampuni ya Ibanez ilitoa gitaa la Universe la nyuzi saba mwaka 1990 na gitaa la RG2228 la nyuzi nane mwaka 2007. Uzi wa saba kwa kawaida hufungwa katika sauti ya B yenye Hz 61.7, na wa nane katika sauti ya F# yenye Hz 46.2. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi hutoa Hz 41.2, hivyo gitaa la nyuzi nane limeingia ndani ya eneo la besi.

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, kama ilivyo katika rumba ya Kongo, kazi ya magitaa hugawanywa kati ya solo, rithimu na besi. Kwaya au bendi ndogo ambayo haina mpiga besi inaweza kumpa mpiga gitaa mmoja wa nyuzi nane kazi mbili kwa pamoja. Manufaa hayo yana gharama ya kiufundi ambayo huonekana pale gitaa linapounganishwa na umeme.

2.0 Masafa ya Nyuzi na Mvumo wa Umeme

Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na mitambo ya dizeli. Kwenye mikutano ya injili, harusi na sherehe za vijijini, jenereta ndogo na inveta za umeme wa jua ni vyanzo vya kawaida. Vyanzo vyote hivi hukusudiwa kutoa Hz 50, lakini haviko sawa kwa uthabiti.

Jenereta ndogo ya aina iliyozoeleka hutoa Hz 50 inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Mzigo unapoongezeka, mwendo hupungua. Ikizunguka mara 2,940 kwa dakika, masafa yake huwa Hz 49 kamili. Sauti ya G inayopatikana kwenye freti ya kwanza ya uzi wa nane ina masafa ya Hz 49.0. Jenereta inapotoa Hz 50, mvumo na sauti hiyo hupishana na kusikika kama mawimbi yanayopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Inapotoa Hz 49, mvumo hujificha ndani ya sauti ya gitaa na kuendelea kusikika baada ya uzi kunyamazishwa. Kwa kuwa G ni ufunguo unaotumiwa mara nyingi na wapiga gitaa, tatizo hili halitokei kwa nadra.

Jambo hili linaeleza kwa nini ushauri unaotoka Marekani hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo. Umeme wa huko ni wa Hz 60, na uzi ulio karibu nao zaidi ni wa saba (Hz 61.7). Nchini Tanzania uzi wa saba uko mbali kiasi na mvumo, bali wa nane umesimama juu yake.

Kwenye gitaa la nyuzi sita, fundi mitambo anaweza kukata masafa yote yaliyo chini ya Hz 75 bila kupoteza noti yoyote. Kwenye gitaa la nyuzi nane linalochukua nafasi ya besi, kichujio hicho huondoa mvumo pamoja na besi yenyewe. Aidha, mvumo una hamoniki zake za Hz 100, 150 na kuendelea. Inveta za bei nafuu, ambazo wimbi lake lina umbo la ngazi, huzidisha hamoniki za Hz 150, 250 na 350. Hizo haziwezi kukatwa kwenye gitaa lolote bila kuharibu sauti. Kwa hiyo mvumo unapaswa kuzuiwa kwenye pikapu kabla haujafika kwenye amplifaya.

3.0 Koili Moja na Koili Pacha

Pikapu ya koili moja hupokea mtikisiko wa uzi na pia usumaku unaotoka kwenye transfoma na nyaya za umeme zilizo karibu, na haiwezi kuvitofautisha. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba mwaka 1955 hataza ya pikapu yenye koili mbili, na akapewa mwaka 1959. Koili hizo huzungushwa na kuunganishwa kinyume, na sumaku zake huelekezwa kinyume pia. Mvumo unaoingia kwenye koili zote mbili hujifuta, ilhali ishara ya uzi, iliyogeuzwa mara mbili, hujumlishwa.

Kwa gitaa la nyuzi nane mjini Sumbawanga, koili pacha ni sharti la kuanzia. Hata hivyo ina athari ambayo huonekana zaidi kwenye nyuzi nene. Koili mbili husikiliza uzi mahali pawili, na hamoniki ambayo nusu ya urefu wa wimbi lake inalingana na umbali kati ya koili hufutika. Katika gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 686 na koili zilizoachana kwa milimita 18, hamoniki inayofutika ni ya 38 hivi. Kwenye uzi wa kwanza wa E (Hz 329.6) hiyo ni zaidi ya Hz 12,000, ambako spika ya gitaa haifiki. Kwenye uzi wa nane ni takriban Hz 1,760, eneo ambalo sikio hulitumia kutambua mwanzo wa noti. Hii ni sababu mojawapo ya uzi wa nane kusikika kama umefunikwa blanketi.

Suluhisho ni koili pacha nyembamba. Umbali kati ya koili ukipungua hadi milimita 9, hamoniki inayofutika kwenye uzi wa nane hupanda hadi takriban Hz 3,500. Kwa upande mwingine, swichi ya kuzima koili moja, ambayo wauzaji huisifu kwa kuongeza aina za sauti, hurudisha mvumo wote. Katika ukumbi unaotumia jenereta swichi hiyo haina faida kubwa.

4.0 Vipimo Vinavyopaswa Kusomwa

Anayeagiza pikapu akiwa Sumbawanga hana nafasi ya kuisikia kwanza. Mbeya peke yake iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Hivyo vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji hubeba uzito wote wa uamuzi.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni ukinzani wa koili, na ndicho kinachopotosha zaidi. Wanunuzi wengi huamini kuwa ukinzani mkubwa ni sawa na nguvu kubwa. Ukinzani hutegemea urefu na unene wa waya, na waya mwembamba zaidi huupandisha bila kuongeza mizunguko. Pia hubadilika kwa joto: ukinzani wa shaba hupungua kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja inayoshuka. Pikapu iliyoandikwa kilo-omu 8.0 kwa nyuzijoto 25 itasoma takriban 7.7 kwa nyuzijoto 15, hali ya kawaida Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Fundi asiyejua jambo hili anaweza kuidhania ni mbovu.

Kipimo chenye maana zaidi ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Indaktansi ya koili na kapasitansi ya kebo kwa pamoja huweka kilele cha masafa, na sauti zilizo juu ya kilele hicho hufifia. Kebo ya mita tano pamoja na koili huwa na kapasitansi ya pikofaradi 600 hivi. Kwa hali hiyo, pikapu ya henri 4 huweka kilele karibu na Hz 3,250, na ya henri 8 karibu na Hz 2,300. Pikapu zenye indaktansi kubwa hutangazwa kuwa zinafaa kwa muziki mzito, lakini kwenye nyuzi nene huongeza giza mahali palipo na giza tayari. Kwa mtindo wa solo ya dansi, unaotaka sauti safi na ya juu, tofauti hii husikika mara moja.

Vipimo vya umbo navyo havipaswi kusahauliwa. Ikiwa nyuzi zimeachana kwa milimita 10.5 kwenye daraja, nyuzi sita huchukua upana wa milimita 52.5 na nyuzi nane milimita 73.5. Pikapu zenye sumaku ya upau mmoja husamehe tofauti ndogo za nafasi kuliko zenye vichwa vya sumaku kwa kila uzi. Gitaa lenye freti za mshazari huhitaji pikapu iliyotengenezwa kwa mshazari huohuo.

5.0 Pikapu Zenye Betri na Zisizo na Betri

Pikapu yenye betri hubeba amplifaya ndogo ndani yake, na hutumia betri ya volti 9. Gitaa la RG2228 lilitoka kiwandani likiwa na pikapu za EMG 808 za aina hii. Faida yake ni kwamba ishara hutoka na nguvu ya kuhimili kebo ndefu bila kilele cha masafa kushuka. Mahali ambapo mpiga gitaa husimama mita kumi au zaidi kutoka kwenye mitambo, faida hiyo ni kubwa.

Upungufu wake ni utegemezi. Betri hudumu kwa mamia ya saa, lakini huisha haraka kebo ikiachwa imechomekwa kwenye gitaa usiku kucha. Aidha, kifaa kilichozibwa kwa gundi ngumu hakifunguliki kwa fundi redio, ilhali waya uliokatika kwenye pikapu isiyo na betri mara nyingi unaweza kulehemiwa.

6.0 Mipaka ya Pikapu

Koili pacha hufuta mvumo wa usumaku pekee. Haizuii miungurumo inayopita hewani kama chaji, ambayo huhitaji tundu la gitaa kufunikwa kwa foili ya shaba iliyounganishwa na ethi. Wala haitibu ukosefu wa ethi. Nyuzi za gitaa huunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia daraja. Ikiwa amplifaya ina hitilafu na jengo halina waya wa ethi, nyuzi zenyewe huweza kubeba umeme wa volti 230, na mpiga gitaa anayegusa maikrofoni kwa midomo hukamilisha njia yake. Mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa kwa kupigwa na umeme jukwaani mjini Swansea mwaka 1972. Mvumo unaopungua mpiga gitaa anaposhika nyuzi aghalabu huashiria upungufu wa kinga ndani ya gitaa. Mtetemo au mchomo kwenye vidole huashiria hatari, na muziki unapaswa kusimama mpaka ethi ikaguliwe.

7.0 Hitimisho

Iwapo kundi lina mpiga besi, gitaa la nyuzi saba au nane linaweza kukatwa masafa ya chini kwa kichujio, na pikapu isiyo na betri yenye koili pacha nyembamba na indaktansi ya henri 3 hadi 5 inatosha. Iwapo gitaa linabeba besi, kichujio hakifai. Hapo pikapu ya koili pacha isiyo na swichi ya kugawanya koili ni ya lazima, na ile yenye betri ina nafasi yake pale kebo zinapokuwa ndefu. Katika hali zote mbili, fedha ya kwanza iende kwenye ethi na kinga ya foili, kwa sababu upungufu wa hayo hauondolewi na pikapu ya bei yoyote.