Jinsi ya kunasa vipimo vya kihisi cha hali ya hewa

VIFAA vingi vya kupimia hali ya hewa nyumbani huwa na sehemu mbili: kihisi kinachotundikwa nje kupima joto na unyevu, na kioo kinachokaa sebuleni. Baina yavyo hakuna waya.

Vingi vya bei nafuu havihifadhi kumbukumbu. Mkulima anayetaka kujua baridi ilishuka kiasi gani saa tisa usiku, mwezi mzima, hana pa kurejelea. Isitoshe, kioo kikiharibika, kihisi kizima hutupwa bure.

Hata hivyo, kihisi hicho hutangaza vipimo vyake kwa redio, na aliye karibu akiwa na kipokezi aweza kuvinasa. Masafa yanayotumiwa sana ni megahezi 433.92. Kinachohitajika ni kipokezi kidogo cha masafa hayo, waya wa sentimita 17 uwe antena, na Arduino, kadi ya kielektroniki iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005 kwa ajili ya wanafunzi.

Kazi ya Arduino ni kupima muda. Chukua mfano wa itifaki iitwayo Nexus, ambayo hutumiwa na vihisi vya majina mbalimbali. Kihisi hutoa mdundo wa takriban maikrosekunde 500, kisha hunyamaza. Kimya cha maikrosekunde 1,000 humaanisha sifuri. Cha 2,000 humaanisha moja. Kimya cha 4,000 hutenganisha ujumbe mmoja na mwingine.

Kila ujumbe una biti 36. Nane za kwanza ni utambulisho wa kihisi, na nne zinazofuata hueleza hali ya betri na chaneli. Kisha huja biti 12 za joto, nne ambazo daima ni moja, na nane za unyevu.

Joto huhesabiwa kwa sehemu za kumi za digrii. Kwa hivyo biti 000011111011, ambazo ni 251, humaanisha nyuzi 25.1 za Selsiasi.

Ugumu upo kwenye kelele. Kipokezi husikia pia rimoti za malango na kihisi cha jirani, na Nexus haina tarakimu ya kuhakikisha usahihi. Dawa yake ni kuwa ujumbe hurudiwa mara 12: programu ikubali tu kipimo kilichofika sawasawa zaidi ya mara moja, chenye utambulisho unaotakikana. Aidha, utambulisho huo hubadilika betri zinapobadilishwa, hivyo sharti uandikwe upya katika programu.

Asiyezingatia hayo ataweka kumbukumbu za uongo, na kumbukumbu ya uongo humpotosha mkulima kuliko kukosa kumbukumbu kabisa.