Oksijeni yako ni asilimia 98, mbona uvimbe unakosa hewa?

Wagonjwa wenye saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, huniuliza swali hili: "Daktari, kipimo cha kidole kinasoma 98. Iweje useme uvimbe wangu hauna oksijeni ya kutosha?"

Kipimo hicho husoma oksijeni iliyo ndani ya damu. Ili seli iipate, inatakiwa kuwa karibu sana na mshipa mdogo wa damu, kwa kawaida ndani ya milimita 0.2. Uvimbe wa saratani hukua haraka kuliko mishipa yake, na mishipa inayoota humo huwa imepindapinda na huvuja. Hivyo seli zilizo mbali na mishipa hukosa hewa, hata kama mapafu yako ni mazima.

Seli hujifunza kuishi na shida

Nyingi ya seli hizo hufa. Zinazobaki ndizo sugu. Huongeza protini iitwayo HIF, inayoziwezesha kutumia sukari bila oksijeni, kuita mishipa mipya na kuhamia sehemu nyingine. Mwaka 2019, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi seli zinavyotambua kiwango cha oksijeni.

Ishara hiyo ya kuita mishipa huifanya pia ivuje, na ni moja ya sababu za tumbo kujaa maji.

Hii inahusu nini matibabu yako?

Dawa za dripu kama carboplatin na paclitaxel husafiri kwa damu. Damu isipofika vizuri, dawa nayo hufika kidogo. Hiyo ni moja ya sababu kwa wagonjwa wengi dripu peke yake haitoshi. Upasuaji hulenga kuondoa uvimbe wote unaoonekana. Baadhi ya wagonjwa huongezewa bevacizumab, dawa inayozuia ishara ya kuita mishipa.

Upungufu wa damu unaweza kuzidisha ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo usiruke kipimo cha damu kabla ya dripu. Ukiona kizunguzungu, uchovu mkali au moyo kwenda mbio, sema mapema.

Usidanganywe na wauzao "matone ya oksijeni". Hayafikishi hewa katikati ya uvimbe. Kunywa haidrojeni peroksaidi ni hatari: huunguza koo na tumbo, na huweza kuingiza mapovu ya hewa kwenye damu.

Usisubiri

Saratani hii mara nyingi hugundulika imechelewa, kwa kuwa dalili zake hufanana na za vidonda vya tumbo au gesi. Nenda hospitali kama dalili hizi ni mpya kwako na zinajirudia kwa wiki kadhaa:

- tumbo kujaa au kuvimba;
- kushiba haraka;
- maumivu ya nyonga au chini ya kitovu;
- kukojoa mara kwa mara.

Omba kupimwa nyonga, altrasaundi na, daktari akiona inafaa, kipimo cha damu cha CA-125. Uchunguzi wa mlango wa kizazi hauonyeshi ovari, hivyo majibu mazuri ya kipimo hicho yasikutulize.

Wazazi, binti mwenye tumbo linalovimba naye apimwe, msikimbilie kudhani ni mimba au minyoo. Aina nyingi za saratani ya ovari zinazowapata wasichana hutibika vizuri zikiwahiwa.